Ugonjwa Unaotembea Mizizini

Msafiri anayepanda kutoka tambarare za mkonge za Korogwe kuelekea Vugiri, kwenye ukingo wa kusini wa Milima ya Usambara Magharibi, huliacha nyuma joto la bonde la Mto Pangani, na baada ya kona nyingi hujikuta katikati ya chai. Vichaka vimechumwa na kupogolewa hata juu yake pakawa sawa kama mkeka uliotandikwa. Upande wa Ambangulu vimesalia vipande vya msitu wa asili vilivyozungukwa na chai, na wataalamu wa ndege wamevifanyia uchunguzi kwa miaka mingi, kwa kuwa vinaonyesha yanayowapata viumbe wa msitu uliokatwa vipandevipande. Mandhari hiyo yaeleza historia ya mahali penyewe. Palipo na chai leo palikuwa na msitu hapo zamani, na msitu ule, ingawa miti yake ilikwisha kuangushwa, haukuondoka wote. Visiki na mizizi yake vilibaki udongoni.

Katika nchi ya namna hii mkulima wa chai huweza kufika shambani asubuhi moja akakuta kichaka kimoja, kilichokuwa kizima alipochuma mara ya mwisho, kimenyauka. Majani yamegeuka manjano, yamelegea, kisha yamekauka yakiwa bado yameshikamana na matawi. Pengine kichaka hicho kilitoa maua na mbegu nyingi kuliko kawaida yake kabla ya kufa. Mwenye shamba hudhani ni jua, au mchwa, au mbolea iliyomwagwa mahali pamoja. Huking'oa, akapanda mche mpya katika shimo lilelile, na mche huo nao hufa. Miaka michache ikipita, pengo la kichaka kimoja huwa pengo la vichaka kumi, na aghalabu huwa na umbo la duara.

Hasara hiyo si ya msimu mmoja. Chai iliyotunzwa vizuri huchumwa kwa miaka hamsini na zaidi, na mche mpya humtaka mwenyewe asubiri miaka kadhaa kabla ya kumlipa chochote cha maana. Mkulima mdogo mwenye kishamba cha mteremkoni anayepoteza vichaka ishirini amepoteza alichorithi pamoja na ambacho angewarithisha wanawe.

Uyoga wenye rangi ya asali

Chanzo cha maafa hayo, katika mashamba mengi ya chai ya Afrika Mashariki yaliyofyekwa msituni, ni kuvu za jenasi ya Armillaria. Zamani vitabu viliziita zote kwa jina moja, Armillaria mellea, neno ambalo kwa Kilatini lahusu asali, kwa sababu ya rangi ya uyoga wake. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba kuvu za Afrika si zile za Ulaya, nazo hutajwa zaidi kwa majina ya Armillaria heimii na Armillaria fuscipes. Mwalimu atakayekuta jina la zamani katika kitabu cha maktaba asishangae.

Uyoga wenyewe huonekana mara chache katika mashamba ya chai, na anayeungoja atokeze ndipo ajue kwamba ana ugonjwa atangoja sana. Dalili ya uhakika iko shingoni mwa kichaka, pale shina linapokutana na ardhi. Mara nyingi gome la hapo hupasuka kwa urefu. Likikwanguliwa kwa kisu, chini yake, kati ya gome na mti, huonekana utando mweupe kama karatasi laini, nao una harufu kali ya uyoga. Mchwa hawaachi utando wa namna hiyo, wala jua. Utando huo ndio mwili wa kuvu, na ndio unaokula chakula kilichohifadhiwa mizizini hadi mti ufe.

Wanafunzi hupenda kuuliza kuvu yaweza kuwa kubwa kiasi gani. Katika msitu wa Malheur, jimbo la Oregon huko Marekani, wataalamu walichukua vipande vya kuvu ya aina mojawapo ya Armillaria kutoka miti mingi iliyokufa, wakavilinganisha, wakakuta kwamba eneo la hekta 965 hivi limeshikwa na kuvu moja tu. Umri wake wakaukadiria kuwa zaidi ya miaka elfu mbili. Kiumbe kikubwa kuliko tembo na nyangumi kimejificha chini ya ardhi, na dalili yake pekee kwa apitaye juu ni miti inayonyauka.

Mialoni ya kweli na mialoni ya jina

Tabia hiyo ya kupita chini kwa chini haikuanzia katika chai, na mfano wake ulio wazi kuliko yote umo katika mti ambao haumo kabisa katika misitu ya asili ya Afrika Mashariki, yaani mwaloni. Majina yasimpoteze msomaji hapa. Mgrevilea, mti wa kivuli uliopandwa sana kati ya chai na kahawa, Waingereza huuita mwaloni wa hariri. Na mti mmoja wa mbao wa nchi ya Meru, Kenya, huitwa mwaloni wa Meru. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo ulio mwaloni. Mgrevilea ulitoka Australia, na ule wa Meru ni wa jenasi ya Vitex, ndugu wa mfudu.

Mialoni ya kweli, ya Amerika ya Kaskazini, ina ugonjwa wake wa mnyauko uliotambuliwa katika jimbo la Wisconsin mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kuvu yake kwa sasa huitwa Bretziella fagacearum. Ugonjwa huo hutofautiana na ule wa chai kwa jambo moja kubwa. Armillaria huozesha mizizi na kula akiba yake, na majani hunyauka kwa kuwa mizizi imekufa. Kuvu ya mwaloni huingia ndani ya zailemu, mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini. Mti, katika kujitetea, huiziba mishipa yake wenyewe, na majani yakafa kwa kiu juu ya udongo wenye maji tele.

Si mialoni yote hufa sawasawa. Mialoni ya kundi jekundu, yenye majani yaliyochongoka kwa miiba midogo kwenye ncha zake, huweza kufa wote katika majuma machache tangu dalili kuonekana. Mialoni ya kundi jeupe huugua polepole, tawi hili mwaka huu na lile mwaka ujao, na mingi hupona. Sababu mojawapo ni kwamba mishipa ya mwaloni mweupe huzibwa mapema na kwa ukamilifu zaidi pale kuvu ilipo, hata kuvu ikafungiwa mahali pamoja. Katika mwaloni mwekundu kuvu husambaa kabla ya mlango kufungwa. Jamaa za mwaloni, kama michesnati, nazo huweza kushikwa. Miti iliyo nje ya ukoo huo haidhuriwi.

Mlango wa kwanza wa kuvu ni jeraha. Chini ya gome la mwaloni mwekundu uliokufa kuvu hufanya mikeka yenye harufu ya matunda yaliyochacha, mbawakawa wadogo huifuata harufu, kisha huruka na mbegu za kuvu hadi kwenye kidonda kibichi cha mti mwingine. Ndiyo maana watu wa huko hukatazwa kupogoa mialoni katika miezi ambayo mbawakawa hao huruka kwa wingi. Lakini mti wa kwanza ukishaugua, kuvu haihitaji tena mdudu. Mizizi ya mialoni iliyosimama karibu huungana hata maji ya mti mmoja yakapita katika mwingine. Huko Texas ugonjwa husogea kwa njia hiyo wastani wa mita ishirini na zaidi kwa mwaka, na watu huuzuia kwa kuchimba mtaro wenye kina cha mita 1.2 au zaidi ili kuikata mizizi. Mtaro huo hauchimbwi kando ya mti unaougua. Huchimbwa umbali wa mita 30 hivi mbele yake, ukiipita miti ambayo kwa macho ni mizima kabisa, kwa maana yadhaniwa kwamba kuvu imekwisha kuifikia. Pamoja na jitihada hizo, mwaka 2023 ugonjwa huo ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Kanada, katika jimbo la Ontario.

Mgeni na mwenyeji

Afrika nayo ina kuvu ya mnyauko iliyo jirani na ile ya mwaloni, na kwa muda mrefu zote mbili ziliwekwa katika jenasi moja. Huitwa Ceratocystis albifundus. Wataalamu wa Afrika Kusini waliieleza katika miaka ya 1990 baada ya kuikuta ikiua miwati, ile miti ya Australia iliyopandwa kwa ajili ya magome yake yenye tanini ya kutengenezea ngozi, na ambayo Watanzania huifahamu zaidi huko Njombe. Baadaye kuvu hiyo ilipatikana pia Uganda, Kenya na Tanzania. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba inaonekana kuwa ya Afrika tangu asili. Imekutwa katika majeraha ya miti yetu ya porini, ikiwemo ya jenasi za Combretum na Terminalia, bila kuonekana kuiangamiza. Miti hiyo na kuvu hiyo zimeishi pamoja kwa vizazi visivyohesabika. Muwati ndio mgeni, na mgeni ndiye anayekufa.

Habari za Armillaria katika milima yetu ni za namna hiyo. Miti mingi ya msituni hubeba kuvu mizizini mwake ikiwa na afya njema. Kuvu hukaa katika madoadoa madogo, mti ukaizuia isienee. Miti inayoangamia ni ile iliyoletwa na watu: chai, ambayo kwa maelezo ya kawaida iliingizwa Tanganyika na Wajerumani katika kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902, kisha kahawa, na misindano ikiwa michanga. Katika misitu ya kupandwa ya Kenya, wachunguzi wa miaka ya 1950 na 1960 waliona kwamba misindano hufa zaidi pale ilipopandwa mara baada ya msitu wa asili kufyekwa, na kwamba vifo hupungua kadiri miti inavyokomaa.

Safari nyingine kuvu yenyewe ndiyo mgeni. Katika bustani ya kale ya Kampuni ya Kiholanzi mjini Cape Town, iliyoanzishwa mwaka 1652 na kupandwa miti ya Ulaya, mialoni ikiwemo, wanasayansi walitangaza mwaka 2001 kwamba Armillaria inayoua miti humo ni ile mellea ya kweli ya nchi za kaskazini. Wakaona kwamba yaelekea ililetwa na walowezi wa kwanza, ikiwa imejificha katika mizizi ya mimea waliyoichukua melini. Kama ndivyo, kuvu hiyo imekaa katika bustani ile zaidi ya miaka mia tatu.

Akiba iliyomo kisikini

Basi kwa nini kuvu inayokaa kwa utulivu katika mti wa msituni iwe muuaji katika shamba la chai? Jibu liko katika kisiki.

Mti uliosimama huilinda mizizi yake. Siku mti unapokatwa kwa msumeno, ulinzi huo hukoma, lakini chakula hakikomi. Mizizi ya mti mkubwa imejaa wanga uliotengenezwa na majani kwa miaka mingi. Kuvu iliyokuwa imezuiliwa katika doa dogo huachiwa ghala zima, bila mlinzi wala mshindani. Huenea katika kila mzizi wa kisiki, na huweza kuishi humo miaka mingi. Mizizi ya chai inayopandwa hapo hutanda, hukigusa kisiki, na kuvu huvuka.

Neno "hukigusa" limetumika kwa makusudi. Huko Ulaya kuvu hii hutoa nyuzi nyeusi, mfano wa mizizi myembamba, zinazotambaa udongoni zenyewe kutafuta mti mpya. Katika udongo wa Afrika nyuzi hizo ni adimu. Mwaka 1968 utafiti uliofanywa katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe ulionyesha kwamba udongo wa misitu ya huko huzizuia zisikue. Kwa hiyo hapa kwetu ugonjwa hupita hasa mzizi unapougusa mzizi. Hiyo ni nafuu kubwa ambayo wakulima wengi hawajui kwamba wanayo.

Aliyeigeuza elimu hii kuwa kazi ya shambani ni R. Leach, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyefanya kazi katika mashamba ya chai ya Nyasaland, sasa Malawi, na kuandika matokeo yake katika miaka ya 1937 na 1939. Wazo lake lilikuwa jepesi. Ikiwa kuvu hupata nguvu kutokana na wanga ulioachwa mizizini, basi mti ufanywe uumalize wanga wake kabla ya kuangushwa. Njia ni kulichuna gome kuuzunguka mti mzima, ukanda wa upana wa kiganja au zaidi, hadi mti mweupe uonekane. Maji huendelea kupanda kwa zailemu iliyo ndani, na majani hubaki hai kwa muda. Lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa floemu, na floemu imo katika gome. Njia imekatwa. Mizizi haipati kitu kutoka juu, nayo hula akiba yake mpaka iishe. Mti hufa polepole, pengine kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na mizizi yake mitupu huvamiwa na kuvu nyingine zisizodhuru chai. Armillaria ikifika hukuta ghala limekwisha kufagiliwa.

Kazi hiyo hushindwa kwa mambo madogo. Ukanda mmoja mwembamba wa gome ukisahauliwa upande wa pili wa shina, chakula hupita. Machipukizi yakiachwa yaote chini ya pete, hutengeneza wanga mpya na kuirudisha akiba mahali pake.

Shule iliyo karibu na msitu wa kupandwa au shamba la miti ya kivuli yaweza kulithibitisha jambo hili bila maabara kubwa. Inatosha chupa ya iodini, ileile itumiwayo kupima wanga katika jani. Kwa ruhusa ya mwenye miti, mti mmoja uchunwe gome na mwingine wa aina hiyohiyo uachwe. Kila baada ya miezi michache ukatwe mzizi mmoja wa unene wa kidole kutoka kila mti, na iodini idondoshwe juu ya sehemu iliyokatwa. Mzizi wa mti ulioachwa utageuka rangi ya samawati iliyoiva hadi nyeusi. Wa mti uliochunwa utazidi kupauka mwezi hata mwezi. Wanafunzi wa kidato cha pili watakaoanza jaribio huenda wakaona mwisho wake wakiwa kidato cha nne, na huo ndio ugumu wa kuliingiza katika ratiba ya mitihani.

Mpaka wa duara

Kwa shamba ambalo limekwisha kuugua, kosa la kawaida ni kuamini macho. Kichaka kilichokauka si mpaka wa ugonjwa. Ni mahali ambapo ugonjwa umemaliza kazi yake. Vichaka vya chai hupandwa karibukaribu na mizizi yake hukutana, hivyo jirani wa kichaka kilichokufa, japo majani yake ni mabichi na yangali yakichumwa, huenda tayari ana utando mweupe katika mzizi mmoja au miwili. Ndiyo sababu hushauriwa king'olewe kilichokufa pamoja na safu ya vichaka vizima vinavyokizunguka. Mkulima mdogo huliona shauri hili kuwa la kikatili, na ni vigumu kumlaumu: anaambiwa ang'oe kwa mkono wake chai inayompa fedha mwezi huu. Hata hivyo wenye mialoni wa Texas huupitisha mtaro wao nyuma ya miti mizima kwa sababu hiyohiyo.

Kung'oa hakutoshi kama mizizi itabaki. Udongo huchimbuliwa kwa sururu, na kila kipande cha mzizi chenye unene wa penseli na zaidi huokotwa na kuchomwa moto, kwa kuwa kipande kimoja kilichosahauliwa chatosha kuanzisha duara jipya. Katikati ya pengo hutafutwa kisiki cha zamani, ambacho mara nyingi ndicho chanzo, hata kama hakuna mzee anayekumbuka ni mti gani uliosimama pale. Kisha ardhi hupumzishwa kwa kupandwa majani ya gwatemala kwa miaka miwili hivi kabla ya miche ya chai kurudishwa. Dawa ya kunyunyizia ambayo mkulima angeweza kuinunua dukani na kuumaliza ugonjwa huu haipo. Nchini Kenya watafiti wamejaribu kuvu rafiki za jenasi ya Trichoderma, ambazo huishambulia Armillaria katika vipande vya mti, na matokeo yao ya maabara yalitia moyo; lakini njia ya pete na sururu ndiyo iliyobaki mikononi mwa watu.

Njia ya pete nayo ina adui wake, naye ni haraka. Katikati ya karne ya 20 majaribio katika Afrika Mashariki yalionyesha kwamba kivuli kingi hupunguza mavuno ya chai, na mashamba mengi yakaondoa miti yake ya kivuli. Miti iliyoangushwa ghafula iliacha visiki vilivyojaa wanga katikati ya mistari ya chai. Siku hizi mnunuzi wa mbao afikapo na lori huutaka mgrevilea leo, ukiwa mbichi na umenyooka. Mti uliosimama mkavu kwa muda mrefu hupasuka na hupungua bei. Mwenye shamba hukadiria fedha iliyo mkononi na chai ambayo bado ni nzima, akaruhusu msumeno. Vichaka vya jirani huanza kunyauka miaka kadhaa baadaye, lori likiwa limekwisha kusahauliwa.